Mama wa Mkuu wa Familia

Siku ya kuandikisha, Éliane aliinua gunia la mahindi mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza ajenti alikuwa ameinamia simu yake na hakumwona. Lilikuwa gunia la kilo ishirini na tano. Alilitoa chini, akalitupa begani, akatembea nalo hadi kwenye nguzo ya goli la uwanja wa shule na kurudi, kama walivyoagizwa wote waliotaka kupelekwa Koloni. Kisha akanyoosha mikono ili viganja vyake vikaguliwe. Ajenti alivigeuza huku na huku, akavibonyeza kwa kidole gumba, akasema kwamba akina mama wa namna hiyo ndio waliokuwa wakitafutwa. Akaandika jina lake. Akaandika umri, miaka arobaini na mmoja. Akaandika watoto wawili wa kike, Emilie wa miaka kumi na mitatu na Martine wa miaka sita. Halafu kalamu ikasimama.

“Bwana yako iko wapi, Mama?”

“Alikufaka. Mwaka ile maji ilipanda.”

Ajenti huyo, Élisée, alikuwa mtu mpole, na upole wake ndio uliomuumiza Éliane zaidi. Aliiweka kalamu chini na kumweleza taratibu kwamba kila familia ilipaswa kuwa na mwanamume na mwanamke, maana shamba lilikuwa kubwa na nyumba zilitaka kuezekwa. Wajane wangefikiriwa katika safari ya pili. Éliane aliuliza safari ya pili ingekuwa lini. Élisée hakujua. Akamwomba asogee kidogo ili wengine wapite. Mwanamke aliyefuata alikuwa jirani yake wa miaka miwili pale kambini. Alipita bila kumtazama, akainama, akalishika gunia.

Koloni lilikuwa shamba la ng'ombe lililoanzishwa na Wabelgiji kwenye uwanda wa juu, upande wa Pepa, enzi ambazo serikali yao iliwalipia wenzao nauli ya meli waje kukaa huko. Wazungu waliondoka zamani. Nyumba zao za matofali zilibaki bila mabati, na jina likabaki. Sasa ilikuwa imeamuliwa kwamba familia themanini, kati ya zile zilizofukuzwa na ziwa mjini Kalemie, zipelekwe huko. Nauli ilikuwa ya bure, meli hadi Moba na kutoka Moba lori. Kila familia ingepewa shamba, majembe, mbegu, na chakula cha miezi sita. Anayepanda meli alitia sahihi kwamba hatarudi Kalemie kudai msaada. Anayebaki angejitafutia pa kwenda, kwa maana kambi ya waliohamishwa ingefungwa mwisho wa mwezi.

Éliane alirudi kambini na kumweleza mama mkwe wake, Emérance, kwamba wamekataliwa. Hakumwambia habari ya viganja.

*

Katika kibanda cha turubai kilichofuata aliishi Pontien, mtu wa miaka hamsini ambaye zamani alifanya kazi ya kuunganisha mabehewa kwenye gari la moshi. Mke wake alikuwa amemwacha miaka mingi iliyopita, na hawakuwa wamejaliwa mtoto. Siku ileile naye alikuwa amekataliwa. Wanaume wasio na wake hawakuandikwa, kwa sababu, walisema, huuza mbegu wakanywa pombe na kukimbilia machimboni.

Asubuhi ya pili alikuja, akasimama nje ya kibanda cha Éliane bila kuingia, kofia mkononi. Alieleza alichokifikiria kama mtu anayesoma barua ya mwingine. Wangeweza kuandikishwa ndoa kwenye biro ya komini, ofisi ya serikali ya mtaa. Huko Koloni angejenga nyumba mbili, moja ya Éliane na watoto, moja yake. Hakuwa anataka kitu kingine kwake, na kama Éliane angeona ni matusi, basi amsamehe.

“Na weye utapata nini, Papa Pontien?”

“Nitalima,” alisema. “Hapa niko nangojea train tu.”

Éliane aliomba apewe siku mbili. Alimpelekea Emérance maneno hayo akidhani kikongwe angekasirika, lakini Emérance aliendelea kuchambua maharage, akasema kwamba wasichana walihitaji ukuta wenye mlango. Jovial, mwanawe, alikuwa amekufa. Hakuna aliyemlazimisha Éliane aende naye.

Waliandikishwa ndoa siku ya Alhamisi kwa muda usiozidi dakika kumi. Éliane alivaa kitenge cha kuazima. Karani wa komini, aliyekuwa na haraka, alikosea jina la bwana harusi mara mbili, kisha akamwambia ambusu mke wake. Pontien alimpa Éliane mkono. Karani alicheka peke yake na kugonga muhuri.

Kutoka hapo walikwenda moja kwa moja kwa Élisée. Alifurahi kuwaona, akaliandika jina la Pontien kwenye mstari wa juu, mkuu wa familia, na la Éliane chini yake, na majina ya watoto chini ya hapo. Akauliza kama kuna mwingine. Éliane akamtaja Emérance.

“Ni nani wako?”

“Mama ya bwana yangu wa kwanza.”

Élisée alisugua paji la uso. Sheria ilikubali wazazi, alisema, lakini wazazi wa mkuu wa familia tu. Mama wa marehemu hakuwa na mahali kwenye fomu. Éliane alimweleza kwamba kikongwe hakuwa na mtu mwingine. Alizaa mtoto mmoja, na huyo mmoja alikuwa amekufa. Élisée aliitazama karatasi.

“Kama angekuwa mama ya Papa Pontien, angepanda,” alisema hatimaye, bila kuinua macho. “Kesho kutwa mukubwa wangu anakuja kuhakikisha majina. Mukuje wote.”

*

Njia nzima ya kurudi Éliane alijaribu kupanga maneno, na yote yalikuwa mabaya. Mwisho aliyasema kama yalivyokuwa, mbele ya jiko, Emérance akiwa ameketi juu ya kidumu kilichogeuzwa.

Emérance alisikiliza hadi mwisho.

“Unataka niseme Jovial hakukuwako.”

“Nataka upande meli, Mama.”

“Ile yote ni neno moja.”

Jovial alikufa kwa kipindupindu wiki ileile ambayo ziwa liliingia ndani ya nyumba yao. Watu wa usafi, waliovaa mabuti na glavu, walimtia ndani ya mfuko mweupe na kumzika wao wenyewe. Familia ilizuiwa kwa kamba, mbali. Emérance hakumwona uso. Hakumwosha. Tangu siku hiyo alikuwa na desturi ya kumtaja mwanawe katika mambo madogo, Jovial alipenda sombe, majani ya muhogo, ya namna hii, Jovial hakuvumilia moshi, na Éliane alikuwa amezoea kumjibu kana kwamba wanazungumza juu ya mtu aliye kazini. Hakuna kitu kingine kilichobaki. Picha zilichukuliwa na maji.

Emérance alisema wamwache. Angelala kwenye ukumbi wa parokia, masista wasingemfukuza. Éliane akamjibu kwamba kama yeye hapandi, hakuna atakayepanda.

Hapo ndipo kikongwe alipokasirika, kwa sauti ya chini, akiwa ameushika mwiko. Alisema Éliane alikuwa anamtwika watoto kichwani. Alisema mtu akimwekea mwenzake watoto juu ya kichwa namna hiyo, huyo mwenzake hana tena la kuchagua, na hilo Éliane alilijua kabla ya kufungua mdomo. Ilikuwa kweli. Waligawa ugali wa bukari, wakala wakiwa wamepeana mgongo.

Siku nzima iliyofuata Emérance alishinda ndani ya kibanda. Pontien alikuja na kidumu cha maji, kama alivyofanya kila siku tangu goti la kikongwe lilipovimba, akakiweka mlangoni pamoja na kitambulisho chake na kuondoka. Jioni, kabla jua halijazama, Emérance alimwita Emilie na kumwambia amfundishe. Mtoto akasoma kutoka kwenye kitambulisho cha Pontien: amezaliwa Zongwe, mwezi wa tatu, mwaka wa elfu moja mia tisa sabini na tano. Emérance alirudia. Emilie akamsahihisha mwezi. Akarudia tena. Éliane alikuwa nje anafua, na alisugua nguo ileile mpaka wakamaliza.

*

Mkubwa wa Élisée alikuwa mwanamke mwenye miwani, mwenye sauti ya mwalimu, na alikuwa amechoka. Darasani, mbele ya meza yake, familia ziliketi kwenye madawati ya watoto, magoti juu. Familia moja ilikuwa imeondolewa tayari mbele ya wote: walileta mtoto wa kuazimwa ili wapate mgao mkubwa zaidi, na mtoto alipoulizwa jina la ndugu zake alilia. Baba wa familia hiyo alipita katikati ya madawati akiwa amemshika mkono mtoto asiye wake, na kila mtu alitazama miguu yake mwenyewe.

Walipoitwa, mkubwa aliwauliza Pontien na Éliane maswali machache, akaangalia cheti cha ndoa, akageukia kikongwe.

“Mama, huyu ni nani wako?”

Emérance alikuwa ameshika ukingo wa dawati. Alimtazama Pontien, shati lake la kijani lililoshonwa kola upya, masikio yake makubwa. Akamtazama muda mrefu kiasi kwamba Élisée, aliyesimama ukutani, alianza kukohoa.

“Uyu njo mutoto yangu.”

“Alizaliwa wapi?”

“Zongwe. Mwezi ya tatu, sabini na tano.”

Aliyasema kama alivyofundishwa, kwa mfululizo mmoja, na pengine ndiyo sababu mkubwa aliinua kichwa. Akavua miwani. Akamwomba amsimulie siku hiyo ilivyokuwa. Mama yeyote, alisema, huikumbuka.

Hili hawakuwa wamelifundishana. Éliane alihisi mkono wa Martine ndani ya mkono wake, na akaona kwamba alikuwa anauminya.

“Mvua ilinyesha,” Emérance alisema. “Baba yake alikuwa mu train ya Kabalo, hakufika. Niliachwa na shangazi yangu, na ye hakuwa anaona vizuri. Mutoto alitoka miguu kwanza. Hakulia. Shangazi alisema tuache, huyu hapana. Mi nikamuchukua, nikamupuliza mu kinywa, nikamupuliza, nikamupuliza. Akapiga chafya. Hakulia, alipiga chafya. Baba yake alirudi kisha siku ine, nikamwambia, uyu atakuwa muntu wa furaha, tumuite…”

Akanyamaza. Jina lilikuwa limefika mdomoni, na wote watano waliolijua walilisikia likisimama hapo.

“Tumuite Pontien,” alisema.

Mkubwa alivaa miwani yake tena. Alisema inatosha, Mama, asante. Emérance hakujua kuandika, kwa hiyo walimpaka wino kwenye kidole gumba na Élisée akakiongoza hadi mahali palipoandikwa mama wa mkuu wa familia. Baadaye, uani, Éliane alimletea maji na kipande cha sabuni. Kikongwe alinawa mwenyewe, akakataa kusaidiwa.

*

Meli iliondoka bandarini saa kumi na mbili asubuhi, ikiwa na familia themanini, magodoro, kuku, na mabati ya Leta, kama wote walivyoiita serikali, yaliyofungwa kwa kamba. Wakati wa kupanda majina yaliitwa kwa kipaza sauti, na kila aliyeitwa aliinua mkono ili apewe karatasi yake ya safari. Emérance aliitwa kama alivyoandikwa. Aliinua mkono. Hakugeuka kutazama mji. Ila mji ulipokuwa umekuwa mdogo, na mlima umeuficha nusu, aliuliza ni upande gani walikozikwa watu wa mwaka ule. Éliane akamwonyesha. Hakuwa na uhakika, lakini alimwonyesha.

Waliketi juu ya magodoro, upande wa kivuli. Adhuhuri ilipopita, vijiji vya ufukweni vilianza kuonekana vizuri, nyavu zimeanikwa, moshi. Pontien alisimama, akaenda kwenye ukingo wa meli, akakaa huko muda mrefu. Kilikuwa kijiji cha Zongwe. Emérance alimtazama mgongo. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu darasani, alimwita. Akamwambia aketi.

“Mama yako wa kweli anaitwa nani?”

“Jeannette.”

“Iko?”

“Iko pale.” Pontien alionyesha kwa kidevu. “Nyuma ya zile nyumba, kuko muti moja kubwa, kaburi yake iko pale. Niko na miaka kumi na tatu sijafika.”

Emérance alimwomba amsaidie kusimama. Goti lilimkatalia mara mbili. Alipofika ukingoni alivuta kitambaa cha kichwani vizuri, kama mtu anayekaribia kuingia nyumba ya watu, akaongea kuelekea nchi kavu, si kwa sauti kubwa. Alimwambia Jeannette kwamba hakumwibia. Alimwambia kwamba lilikuwa ni jambo la karatasi, na kwamba atamtazamia mtoto. Kisha akaomba arudishwe kukaa, maana upepo ulikuwa mkali.

Pontien alibaki pale ukingoni. Éliane alimwona akipangusa uso kwa kofia yake, na akageuka ili ashughulike na vyombo.

*

Hakuna aliyekuwa amewaambia juu ya baridi. Koloni lilikuwa juu kiasi kwamba asubuhi majani yalilowa hadi magotini, na nyumba za matofali walimolala siku za kwanza, ingawa zilikuwa na kuta nene, zilipitisha upepo mahali palipokuwa na madirisha. Shamba walilopewa lilikuwa mteremko, na nusu yake ilikuwa mawe. Lakini udongo uliobaki ulikuwa mweusi. Pontien alijenga nyumba mbili kama alivyosema. Ya kwake ilikuwa ndogo, imeegemea ukuta wa zizi la zamani. Éliane alipanda maharage siku ya nne. Mgao wa chakula ulikuja nusu, na wakaambiwa kwamba nusu nyingine iko njiani.

Wiki ya tatu Emérance alianza kukohoa. Siku hiyohiyo alikuja muuguzi, msichana aliyeitwa Mireille, kutoka kituo cha afya cha bondeni, na daftari kubwa, kuhesabu na kupima watu wote wa Koloni. Aliweka meza yake kwenye baraza ya nyumba moja isiyo na paa. Pontien alimleta kikongwe akiwa amemvika koti lake la kazi ya zamani, na Éliane alifuata na jembe begani, kwa kuwa alitoka shambani moja kwa moja.

Mireille alimsikiliza kifua. Akampa dawa ya siku tano, akamweleza namna ya kuinywa. Kisha akafungua daftari, kwa sababu kila mwanamke aliulizwa maswali yaleyale.

“Ulizaaka watoto wangapi, Mama?”

“Moja.”

“Iko muzima?”

Éliane aliweka jembe chini. Alikuwa amesimama hatua mbili nyuma, na aliona mgongo wa kikongwe, mwembamba ndani ya koti kubwa, na akajua kabla ya kusikia.

“Alikufaka,” Emérance alisema.

Mireille aliandika, kisha akaacha kuandika. Orodha ya kutoka Kalemie ilikuwa mezani, chini ya jiwe. Akaitazama. Akamtazama Pontien.

“Na huyu Papa ni nani?”

“Huyu nilipewa na Leta.”

Wanawake waliokuwa kwenye mstari walitazamana. Wengi wao walikuwa wakijua. Kambini hakuna turubai linaloficha kitu. Pontien alivua kofia. Éliane alifikiria lori lililoegeshwa chini, ambalo lingerudi Moba kesho, na maharage yaliyokwisha kutoa majani mawili.

Mireille alikuwa na miaka ishirini na minne au mitano. Alizungusha kalamu kati ya vidole. Akasema, bila kumtazama mtu, kwamba daftari lake na orodha ya Kalemie ni lazima vikubaliane, vinginevyo orodha yote itarudishwa, na itarudishwa pamoja na watu. Kisha akafuta kitu kwa mstari mmoja na kuandika tena.

“Umeandika nini?” Emérance aliuliza.

“Nimeandika watoto wawili, Mama. Moja alikufa. Moja iko.”

Kikongwe alitafakari. Midomo yake ilitembea kidogo, kama mtu anayerudia bei ya kitu ili aone kama ni haki. Alikohoa, akasubiri kikohozi kipite.

“Yule alikufa, andika jina.”

Mireille alimweleza kwamba hakuna mahali pa jina. Daftari lilitaka hesabu tu.

“Andika pembeni.”

Msichana akaandika pembeni, nje ya mistari, kwa herufi kubwa. Aliligeuza daftari. Emérance hakujua kusoma, lakini aliinama akalitazama jina hilo, Jovial, mpaka mwanamke aliyekuwa nyuma yake akahamisha mtoto kutoka mgongo hadi kifuani. Hapo akasema asante, na Pontien akamshika kiwiko ili ainuke.

Éliane alitangulia kurudi shambani na jembe lake. Hao wawili walishuka nyuma yake polepole, kwa sababu ya goti, na Pontien alitembea upande ulikotoka upepo.